Károly Takács: Bingwa aliyeanza upya kwa mkono wa kushoto

Na Mwandishi Wetu, Zhanxi, Guangzhou

MTAA wa Zhanxi, ambao jina lake maana yake ni magharibi ya stesheni, ni maarufu sana kwa wafanyabiashara wetu wanaokuja Uchina kutoka Dar es Salaam, Nairobi, Kampala na Lubumbashi. Hapa, karibu na stesheni ya treni ya Guangzhou, saa, nguo na viatu huuzwa kwa jumla. Mwenye uzoefu wa Zhanxi anaijua kanuni moja: sampuli haichaguliwi kwa jina lililobandikwa juu yake. Hushikwa, huvaliwa, hupimwa, ndipo mtu akatoa fedha.

Kanuni hiyo inawahusu pia vijana wanaovutiwa na mchezo wa kulenga shabaha kwa bastola. Uchina inauenzi mchezo huo kwa sababu medali yake ya kwanza kabisa ya dhahabu katika Olimpiki ilitoka huko. Xu Haifeng aliipata Los Angeles mwaka 1984 kwa bastola ya mita 50. Guangzhou yenyewe iliandaa mashindano hayo wakati wa Michezo ya Asia ya mwaka 2010. Kijana akiyaona kwenye televisheni, swali la kwanza huwa ni hili: nikitaka kuanza, ninunue bastola gani?

Ndugu msomaji, jibu la swali hilo linaonekana vizuri katika maisha ya marehemu Károly Takács wa Hungaria, mtu aliyekwisha kuwa hodari wa bastola na kisha akalazimika kurudi kuwa mwanafunzi.

Takács alizaliwa Budapest tarehe 21 Januari 1910. Alijiunga na jeshi la nchi yake, na kufikia mwaka 1936 alikuwa miongoni mwa walenga shabaha bora duniani. Hata hivyo hakwenda kwenye Olimpiki ya Berlin ya mwaka huo. Sababu haikuwa uwezo wake bali cheo: alikuwa sajini, na jeshi la Hungaria liliwaruhusu maafisa wenye kamisheni peke yao kushindana. Baada ya Berlin zuio hilo liliondolewa, na macho yake yakageukia michezo ya mwaka 1940.

Mwaka 1938, wakati wa mazoezi ya kijeshi, bomu la mkono lenye hitilafu lililipuka na kuuharibu mkono wake wa kulia, mkono aliolengea shabaha. Alikuwa na umri wa miaka 28. Alilazwa hospitalini takriban mwezi mzima. Wengi waliomfahamu waliamini kwamba habari yake katika mchezo imekwisha.

Hapa inafaa tusimame kidogo tuangalie chombo chenyewe. Bastola ya mashindano si kama ile ya askari. Mpini wake huchongwa ufuate kiganja cha mtu, wenye mahali pa kila kidole na ubao mdogo wa kuegemeza upande wa chini wa mkono. Mpini wa mkono wa kulia haukai katika mkono wa kushoto. Tena, kila mtu ana jicho moja lenye nguvu kuliko jingine, na mara nyingi jicho hilo liko upande wa mkono anaoutumia zaidi. Anayehamisha bastola kutoka mkono mmoja kwenda mwingine hahamishi chuma tu. Lazima afundishe upya kidole cha kuvuta triga, jicho, mabega na jinsi ya kusimama.

Ndicho alichokifanya Takács. Alifanya mazoezi kwa siri, akitumia mkono wa kushoto, bila kuwaambia wenzake. Majira ya kuchipua ya mwaka 1939 alijitokeza kwenye mashindano ya taifa ya Hungaria. Inasimuliwa kwamba washindani wenzake walidhani amekuja kuwatazama, wakampa pole na kumpongeza kwa moyo wake wa kuja. Aliondoka pale akiwa bingwa wa taifa. Mwaka huohuo alikuwa katika timu ya Hungaria iliyotwaa ubingwa wa dunia wa bastola mjini Luzern, Uswisi.

Kisha vita vikaingia. Olimpiki ya 1940 haikufanyika, na ya 1944 haikufanyika. Miaka ambayo ingekuwa bora kwake ilipita hivyo.

Ilipofika 1948 na michezo kurejea London, Takács alikuwa na miaka 38. Mashindano ya kulenga shabaha yalifanyika Bisley, nje ya London. Yeye alishiriki bastola ya kasi ya mita 25, ambapo mlengaji hukabili shabaha tano na kupiga kila moja risasi moja, kwanza kwa sekunde nane, kisha sita, kisha nne. Jumla ni risasi 60 na alama zinazowezekana ni 600. Aliyetarajiwa kushinda alikuwa bingwa wa dunia, Carlos Díaz Sáenz Valiente wa Argentina. Inasimuliwa kwamba Mwargentina huyo alimuuliza Takács amefuata nini London, naye akajibu kwa upole kuwa amekuja kujifunza. Takács alipata alama 580 na kuivunja rekodi ya dunia. Díaz Sáenz Valiente alipata 571. Kwenye jukwaa la washindi Mwargentina alikiri kwamba mwenzake amekwisha kujifunza vya kutosha.

Miaka minne baadaye, Helsinki 1952, Takács alishinda tena kwa alama 579, akimzidi kwa alama moja tu Mhungaria mwenzake Szilárd Kun. Hakuna mtu kabla yake aliyewahi kutetea ubingwa wa Olimpiki katika bastola ya kasi. Mwaka 1956 huko Melbourne alimaliza wa nane. Baadaye akawa kocha, na miongoni mwa aliowafundisha ni László Hammerl, aliyepata dhahabu ya bunduki katika Olimpiki ya Tokyo mwaka 1964. Takács alifariki dunia Budapest tarehe 5 Januari 1976.

Tukirudi kwa kijana wetu mwenye swali, maisha ya mzee huyu yanampa majibu ya wazi.

Kwanza, mkono ndio unaochagua bastola. Kabla ya kuuliza bei, uliza ukubwa wa mpini na kama ni wa kulia au wa kushoto. Watengenezaji wakubwa kama Steyr, Walther, Feinwerkbau, Morini na Pardini hutoa mipini ya saizi mbalimbali. Mashoto asikubali kuuziwa ya kulia kwa sababu ni rahisi.

Pili, anza na bastola ya upepo ya mita 10, si ya baruti. Hurusha kijipande cha risasi cha milimita 4.5, haina kishindo kikubwa, na makosa ya mkono huonekana mara moja kwenye karatasi. Duara la alama kumi lina upana wa milimita 11.5 tu. Sheria za kimataifa zinataka bastola hiyo isizidi gramu 1,500, na triga isiachie kwa uzito ulio chini ya gramu 500. Usikimbilie iliyo nzito ukidhani itatulia. Mkono uliochoka hutetemeka, na mashindano kamili ni risasi 60.

Tatu, usinunue siku ya kwanza. Bastola mpya ya mashindano kutoka kwa watengenezaji hao hupita dola 1,000 za Marekani. Jiunge na klabu, tumia za klabu, shika za watu watatu au wanne, ndipo uamue. Ukipata iliyotumika, angalia tarehe kwenye mtungi wake wa hewa, kwani muda wake wa matumizi una kikomo, kwa kawaida miaka 10.

La mwisho ni zito kuliko yote kwa sisi tunaopita Zhanxi na kufungasha mizigo. Bastola ya kwanza haitafutwi sokoni Uchina, hata ile inayoitwa ya kuchezea. Sheria ya silaha ya Uchina ya mwaka 1996 haiwaruhusu watu binafsi kumiliki bunduki isipokuwa makundi machache yaliyotajwa, na silaha za mchezo hukaa chini ya vituo vilivyoidhinishwa. Kiwango cha kuhesabu kitu kuwa bunduki ni cha chini mno: jouli 1.8 kwa sentimita moja ya mraba. Mwaka 2016 mama mmoja mjini Tianjin, aliyekuwa na kibanda cha kulenga maputo barabarani, alihukumiwa kifungo cha miaka mitatu na nusu kwa sababu bunduki zake za kuchezea zilivuka kiwango hicho. Mapema mwaka 2017 mahakama ya rufaa ilimpunguzia adhabu na kumwachia kwa kifungo cha nje. Yeye alikuwa raia aliyejua lugha na mahakama za kwao. Mgeni mwenye viza ya biashara atajitetea vipi?

Nyumbani nako silaha zina sheria zake. Tanzania, kwa mfano, ina sheria ya mwaka 2015 ya kudhibiti silaha na risasi. Njia salama ni klabu kwanza, kibali pili, na ununuzi kwa muuzaji mwenye leseni katika nchi utakayoitumia.

Takács alinyimwa Berlin kwa sababu ya cheo, mkono wake ukaharibiwa na bomu, na vita vikampokonya Olimpiki mbili. Alisubiri miaka 12 tangu Berlin hadi London. Kijana aliyeko Zhanxi leo anaombwa subira ya miezi michache tu, hadi arudi nyumbani na kuomba kibali.