Bwana Stokesi, kutoka misheni hadi uchuuzi



Sisi wa Muheto tunawajua vizuri wachuuzi wa kutembea. Wanapita kijiji kwa kijiji na chumvi, sabuni na vitenge, na bila wao watu wengi wa Masisi na Walikale wangekosa hata kiberiti. Leo tunawasimulia habari za mchuuzi mmoja aliyetoka mbali sana. Alitumwa kwanza na kanisa, na mwisho wake ukawa hapa Kongo, katika misitu iliyo kaskazini ya kwetu.

Jina lake lilikuwa Charles Stokes. Wengine walimwita Bwana Stokesi. Alizaliwa Dublin, Ireland, mwaka 1852, akafanya kazi ya ukarani Liverpool, kisha mwaka 1878 akaja Afrika ya Mashariki na Church Missionary Society, shirika la Waanglikana. Hakuwa mchungaji. Kazi yake ilikuwa kufikisha watu na mizigo ya misheni kutoka pwani hadi Ziwa Victoria, na kwa kazi hiyo hakuwa na mwenzake. Reli haikuwapo. Kila robota la nguo na kila sanduku la vitabu lilikwenda kichwani mwa mpagazi kwa miezi mingi, na wapagazi walimkubali Stokes. Mwaka 1882 aliongoza msafara wa James Hannington, ambaye baadaye akawa askofu na akauawa Busoga mwaka 1885.

Mke wake wa kwanza, Ellen Sherratt, alikuwa muuguzi. Walifunga ndoa Zanzibar mwaka 1883. Mwaka uliofuata Ellen akafa baada ya kujifungua binti. Kisha Stokes akamwoa Limi, mwanamke Mnyamwezi wa ukoo wa Mtemi Mitinginya wa Usongo. Ndoa hiyo haikuwapendeza wamisionari, naye akaachana na misheni. Tukiisoma habari hii leo tunaona aibu kidogo. Mtu aliyewafikisha wahubiri kwa watu weusi alionekana amepotea alipokubali kuwa mkwe wao. Lakini tusimpambe pia: baadaye alikuwa na wanawake wengine, mmojawapo Nanjala, na mtu hawezi kusema aliishi kama kanisa linavyofundisha.

Akawa mfanyabiashara. Alikwenda bara na nguo na ushanga, akarudi pwani na pembe za ndovu, na misafara yake iliweza kuwa na watu zaidi ya elfu. Aliuza pia bunduki na baruti. Mwaka 1889, Kabaka Mwanga wa Buganda alipokuwa amepinduliwa, Stokes alimvusha ziwa kwa chombo chake na kuwapatia silaha waliompigania, Wakristo wengi wakiwa miongoni mwao. Kanisa la Uganda liliokoka kwa msaada huo, hatuwezi kukataa. Hata hivyo sisi wa Masisi hatuhitaji kufundishwa bunduki iliyouzwa inakwenda wapi baada ya vita vya kwanza kwisha.

Mwisho wa mwaka 1894 aliingia Kongo kutafuta pembe, akielekea kwa Kilonga-Longa, mfanyabiashara Mswahili wa upande wa Ituri. Dola Huru la Kongo, lililokuwa mali ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji, lilikuwa limepigana na Waarabu na Waswahili tangu mwaka 1892. Kapteni Hubert Lothaire alimtuma Luteni Josué Henry akamkamata Stokes. Alishtakiwa kwamba anawauzia maadui silaha. Kesi ilisikilizwa kambini Lindi, bila wakili, na hakupewa nafasi ya kukata rufaa Boma. Tarehe 15 Januari 1895 akanyongwa.

Ulaya ikawaka. Magazeti yalipiga kelele, serikali zikaandikiana barua, na Dola la Kongo likalipa faranga 150,000 kwa Uingereza na 100,000 kwa Ujerumani, kwa sababu wapagazi na mali zilitoka katika nchi iliyotawaliwa na Wajerumani. Lothaire alishtakiwa Boma mwaka 1896, kisha Brussels, na mara zote mbili akaachiliwa. Wengi huko Ulaya walianza hapo kuuliza ni nini hasa kinachotendeka Kongo.

Hapo ndipo moyo unapotuuma. Miaka ileile wazee wetu wa Kongo waliuawa na vijiji vyao kuchomwa kwa ajili ya pembe na mpira, na hakuna aliyehesabiwa faranga kwa ajili yao. Ilibidi Mzungu mmoja anyongwe ndipo waliokuwa mbali wageuze vichwa. Stokes alionewa, ndiyo. Wapagazi waliokufa njiani chini ya mizigo yake hatujui hata majina yao.

Mtoto wake wa kiume kwa Nanjala, Charles Kasaja Stokes, alikulia Uganda, na uzao wake uko huko.