Wakelam: Mwanaraga aliyelifanya sikio lione mpira

SHABIKI wa Chiola, Nachingwea au Ruangwa aliyetaka kujua mechi ya Simba na Yanga inaendaje miaka ya 1980, alikuwa na njia moja tu: redio. Televisheni Tanzania Bara ilianza 1994. Kabla ya hapo mtu ulianika betri juani, ukakaa chini ya mwembe na wenzako, mkasubiri mtangazaji wa Radio Tanzania Dar es Salaam awaoneshe mpira kwa mdomo.

Kazi hiyo ina mwanzo wake, na moja ya majina ya mwanzo kabisa ni Henry Blythe Thornhill Wakelam, maarufu kama Teddy.

Wakelam alizaliwa Uingereza mwaka 1893. Soka haikuwa fani yake. Alikuwa mtu wa raga, tena aliyeichezea klabu ya Harlequins ya London.

Enzi hizo redio ya BBC ilikuwa haitangazi mechi moja kwa moja. Wenye magazeti walikuwa wameweka ngumu, wakihofia nakala zao zitadoda. Mambo yalibadilika Januari Mosi, 1927, BBC ilipogeuzwa kuwa shirika la umma. Ghafla ikahitajika sauti ya kutangaza, na wazoefu hawakuwepo. Mtayarishaji wa vipindi, Lance Sieveking, akampigia simu Wakelam.

Kazi ya kwanza ilikuwa raga, England dhidi ya Wales, Januari 15, 1927 pale Twickenham. Sieveking alikuja na akili moja si mchezo. Mbele ya kibanda cha mtangazaji alimkalisha mtu asiyeona, Wakelam akaambiwa amsimulie huyo. Asiwaze maelfu walioko majumbani, aongee na huyu mmoja tu.

Wiki moja baadaye, Januari 22, ikawa zamu ya soka. Arsenal iliikaribisha Sheffield United Highbury, zikatoka sare ya bao 1-1, Charlie Buchan akiwafungia Washika Bunduki. Jarida la Radio Times lilikuwa limechapa mchoro wa uwanja uliogawanywa vyumba nane vyenye namba. Wakelam akitangaza, mwenzake alitaja namba ya chumba ambacho mpira upo, na msikilizaji nyumbani akaufuata kwa kidole.

Baada ya hapo Wakelam alitangaza tenisi na kriketi pia, na mwaka 1938 sauti yake ilisikika kwenye televisheni, mechi ya kriketi ya England na Australia ilipooneshwa kutoka Lord's.

Lakini si wote waliofurahia. Mwaka 1931 viongozi wa Ligi ya England walipiga marufuku mechi zao kutangazwa redioni. Hoja yao ilikuwa kwamba mtu akiupata mpira bure sebuleni, hatakata tiketi.

Hoja hiyo ilimsahau mtu wa mbali. Shabiki wa Chiola hakuwa na nauli ya kwenda Dar es Salaam kila wikiendi, kwa hiyo redio haikumnyang'anya mtu yeyote kiingilio. Ilichofanya ni kumpa timu ya kuipenda, na siku akipata nafasi ya kufika uwanjani, anaingia akiwajua wachezaji wote kwa majina.

Wakelam alifariki dunia mwaka 1963. Wakati huo redio ilishasikika Tanganyika kwa zaidi ya miaka kumi, tangu Sauti ya Dar es Salaam ya 1951.

Leo Ruangwa ina Namungo yake Ligi Kuu na televisheni ziko vijiweni. Hata hivyo, yupo aliye shambani, aliye safarini, na asiyeona kabisa. Mtangazaji anayemwaga misemo dakika nzima bila kusema mpira uko upande gani na nani anao, amemsahau yule mtu mmoja aliyekaa mbele ya kibanda cha Twickenham.