Mtumwa wa Watumwa: Maisha ya Mtakatifu Petro Claver

Watu wengi huona haya kumwendea mwenye huzuni kwa sababu mikono yao ni mitupu. Hufikiri kwamba shida kubwa yataka msaada mkubwa, na kwa kuwa wao hawana mali wala cheo, hupita kando kimya kimya. Yafaa basi tuyakumbuke maisha ya padre mmoja aliyesimama mbele ya msiba uliopita nguvu za mtu yeyote, naye mkononi hakuwa na kitu ila ndimu, biskuti na tumbaku kidogo. Padre huyo ni Mtakatifu Petro Claver, msimamizi wa misioni kwa Waafrika, ambaye Kanisa humkumbuka kila mwaka tarehe 9 Septemba.

Alizaliwa mwaka 1580 katika Verdú, kijiji cha wakulima huko Katalonia, nchi ya Hispania. Alisoma Barcelona, na mwaka 1602 akaingia Shirika la Yesu. Baada ya miaka mitatu wakubwa wake walimpeleka kisiwa cha Majorca aendelee na masomo ya falsafa. Katika nyumba ya shirika mjini Palma alimkuta bawabu mzee, Bruda Alfonso Rodríguez.

Mzee huyu zamani alikuwa mfanya biashara ya nguo mjini Segovia. Mkewe alifariki, watoto wake wakafariki, na biashara yake ikaharibika. Alipoomba kupokewa shirikani alikuwa amekwisha kuwa mtu mzima, wala hakuwa na elimu ya kumfikisha kwenye upadre. Alipewa kazi ya kulinda mlango, akaifanya kwa miaka mingi, akimpokea kila aliyebisha hodi kana kwamba ni Bwana Yesu mwenyewe asimamaye nje. Mwanafunzi kijana na bawabu mzee wakawa marafiki. Walizungumza mara kwa mara habari za Mungu, na mzee akamhimiza kijana avuke bahari aende kuwatumikia watu wa nchi za mbali. Walipoagana alimpa daftari dogo la mafundisho ya sala aliyoyaandika yeye mwenyewe. Petro alilitunza daftari hilo maisha yake yote. Bawabu hakuwa na kitu kingine cha kutoa, lakini hicho alichokitoa kilivuka bahari.

Mwaka 1610 Petro aliwasili Cartagena, bandari ya nchi ambayo leo huitwa Kolombia. Alimaliza masomo yake katika nchi ile ile, na mwaka 1616 akapewa upadre. Cartagena ulikuwa mji wa fedha, wa ngome na wa biashara; lakini zaidi ya yote ulikuwa soko la wanadamu. Kila mwaka merikebu zilishusha pale maelfu ya watu waliochukuliwa kutoka Guinea, Kongo na Angola. Wasomaji wetu hawana haja ya kuelezwa mno jambo hili. Nchi iliyoona misafara ya Tabora na Bagamoyo yajua sauti ya minyororo. Pwani ilikuwa nyingine na bahari ilikuwa nyingine, lakini machozi yalikuwa yale yale.

Watu hao walisafiri muda wa miezi miwili au zaidi, wamefungwa ngamani, ambamo hamkuwa na mwanga wala hewa safi. Wengi walikufa njiani wakatupwa baharini. Waliofika hai walikuwa na kiu, vidonda na kuhara. Na juu ya hayo yote walikuwa na hofu moja ya kutisha. Waliamini kwamba walikuwa wameletwa ng'ambo wachinjwe, mafuta yao yapakwe merikebu na damu yao itiwe katika bendera kuwa rangi. Hawakuwa na sababu ya kuamini jambo lolote lililo jema kuhusu watu waliowatendea vile.

Kabla ya Petro Claver, Padre Alonso de Sandoval alikuwa amekwisha kuifanya kazi ya kuwatumikia watumwa hao, naye ndiye aliyemfundisha kijana huyu. Sandoval aliandika kitabu kikubwa juu ya mataifa ya Waafrika na hali zao, kikapigwa chapa Sevilla mwaka 1627. Claver hakuwa mtu wa vitabu. Yeye alishika njia ya mlango na kikapu, kama bawabu wa Majorca.

Aliahidi kumwombea Misa mtu atakayemletea kwanza habari kwamba merikebu imeonekana. Habari ilipokuja, alikwenda kwanza nyumba kwa nyumba kuomba: huku ndimu na machungwa, kule biskuti, kwingine tumbaku na mvinyo mkali wa kuwatia nguvu walio dhaifu. Kisha akashuka bandarini pamoja na wakalimani wake, akaingia mpaka ngamani, mahali ambapo wengi hawakuweza kukaa hata kidogo kwa sababu ya harufu.

Hapo hakuanza na mahubiri. Alijua kwamba mtu mwenye kiu hasikii, na mtu mwenye hofu haamini. Aliwapa maji. Aliwapa matunda na tumbaku. Aliwakumbatia, akawapangusa jasho nyusoni, akaviosha vidonda. Aliwatafuta kwanza wale waliokuwa karibu kufa, na watoto wachanga waliozaliwa njiani. Wakalimani nao wakawaeleza, kila mtu katika lugha yake, kwamba habari ya mafuta na damu si kweli, na kwamba mtu huyu amekuja kwao kama rafiki. Maneno hayo yangesemwa bila ndimu ile, nani angeyasadiki? Na ndimu ingetolewa bila neno la lugha ya nyumbani, nani angejua maana yake?

Tusiwasahau wakalimani hao. Walikuwa Waafrika, nao wenyewe walikuwa watumwa, mali ya nyumba ya shirika. Mmoja wao, jina lake Andrés Sacabuche, alikuwa mtu wa Angola. Padre alipougua mmoja wao, alimlaza katika kitanda chake mwenyewe, naye akalala chini. Baada ya kifo cha Claver, Sacabuche na wenzake waliitwa kutoa ushuhuda juu ya maisha yake. Tukijua leo habari za maji, matunda na joho, twajua kwa sehemu kubwa kwa sababu wao waliona kwa macho yao na wakasimulia.

Watumwa waliposhushwa pwani walifungiwa katika nyua wangojee kuuzwa. Claver aliwafuata huko siku baada ya siku, akawafundisha kwa picha na kwa ishara, akiwasaidiwa na wakalimani. Siku ya ubatizo aliwapanga kumi kumi, na kila kumi akawapa jina moja, ili mmoja akisahau jina lake jipya wenzake wamkumbushe. Kisha akamvika kila mmoja shingoni medali ndogo ya risasi yenye sura ya Yesu na ya Maria. Medali hiyo ilimsaidia kuwatambua waliobatizwa. Lakini fikirini pia jinsi mtu huyo alivyokuwa. Alikuwa amenyang'anywa nchi, ndugu, nguo na jina. Sasa alikuwa na kitu shingoni kilicho chake, na watu tisa wanaoitwa kama yeye.

Joho la padre huyu nalo lilijulikana mji mzima. Alilitandika chini ya mgonjwa aliyekuwa uchi, akalifunika juu ya mwingine aliyetetemeka kwa homa, akalikunja likawa mto wa tatu. Katika hospitali ya San Lázaro, nje ya mji, aliwavika joho hilo hilo wenye ukoma. Siku nyingine lilifuliwa hata mara saba. Waliokuwa wakimsaidia walichukizwa nalo. Yeye alilivaa tena na kuendelea na njia yake.

Mwaka 1622 aliweka nadhiri zake za mwisho, na alipotia sahihi aliongeza ahadi yake mwenyewe, kwamba atakuwa mtumwa wa Waafrika siku zote. Kanisani aliwatanguliza watumwa katika maungamo. Mabibi wa mji walilalamika kwamba walingojeshwa, na kwamba harufu ya watu wale iliwaudhi. Hakubadili desturi yake. Inasimuliwa kwamba katika miaka yake yote aliwabatiza watu wapatao 300,000.

Hapa msomaji mwenye haki ataleta swali, nasi hatupaswi kulikwepa. Je, ndimu moja ni kitu gani mbele ya mnyororo? Merikebu iliyofuata ilileta wengine, na mnada ukaendelea. Claver hakuuzuia. Hata nyumba yake ya kitawa ilikuwa na watumwa. Mwaka 1681, miaka 27 baada ya kifo chake, mapadre wawili Wakapuchini, Francisco José de Jaca na Epifanio de Moirans, walihubiri mjini Havana kwamba watumwa hawana budi kuachwa huru na kulipwa kazi yao. Wakakamatwa. Nchini Kolombia sheria ya kuuondoa utumwa haikupitishwa mpaka mwaka 1851.

Jibu letu ni hili. Huruma haiwezi kukaa mahali pa haki. Anayempa mtumishi wake kipande cha mkate huku akimnyima mshahara, huyo ni mdeni bado, wala mkate haukufuta deni. Watu wenye kunena wazi kama wale Wakapuchini walihitajika, na Kanisa lingekuwa na sababu ya kushukuru kama wangekuwa wengi zaidi na mapema zaidi. Lakini mtu aliyelala ngamani siku ile hakuweza kungoja mwaka 1851. Alikuwa na kiu ya siku ile, na hofu ya saa ile. Aliyempa maji hakumdanganya kwamba yu huru. Alimshuhudia kwamba yu mtu. Na mabaharia na wachuuzi waliosimama pembeni walimwona padre akipiga magoti mbele ya kile walichokiita shehena, akikipangusa uso. Jambo hilo halikuwapa raha, wala halikupasa kuwapa raha.

Mwisho wa maisha yake wafundisha zaidi ya mwanzo. Mwaka 1650 alishikwa na ugonjwa, tauni ikiwa karibu kuingia mjini. Alipona nusu. Mikono yake ilitetemeka kiasi kwamba hakuweza tena kuadhimisha Misa, na miguu haikumchukua. Kwa muda wa miaka minne alikaa chumbani mwake, na mji ukamsahau. Aliwekewa kijana mmoja mtumwa, jina lake Manuel, amtumikie. Kijana huyo alikula sehemu iliyo nzuri ya chakula cha mgonjwa, akamwachia makombo, na siku nyingine hakumletea kitu. Mtu aliyewapelekea maelfu maji, yeye mwenyewe hakuwa na wa kumletea kikombe.

Claver hakumshitaki Manuel kwa wakubwa wake. Nasi tusikimbilie kumhukumu kijana yule, kwa maana yeye naye hakuulizwa kama ataka kazi hiyo; utumwa hauzai upole kwa urahisi. Lawama iliyo kubwa zaidi yawaangukia wale waliopita mbele ya mlango ule kila siku, wenye shughuli zao njema, wakidhani kwamba kuna mwingine anayemwangalia mzee. Wachache walimkumbuka, miongoni mwao Doña Isabel de Urbina na dada yake, waliokuwa wamemsaidia kwa sadaka zao tangu zamani.

Mwaka 1654 padre kijana, Diego Ramírez Fariña, alifika kutoka Hispania kuishika kazi ya watumwa. Mzee alijikokota mpaka kwake akambusu miguu kwa furaha. Siku chache za Septemba habari zilienea kwamba anakufa. Mji ulizinduka. Watu wakajazana chumbani, wakachukua kila kitu kilichoweza kuchukuliwa kiwe ukumbusho. Alifariki tarehe 8 Septemba, Sikukuu ya Kuzaliwa kwa Bikira Maria, na mji ukamzika kwa heshima kubwa na kwa gharama yake.

Tarehe 15 Januari 1888 Baba Mtakatifu Leo XIII alimtangaza Petro Claver kuwa Mtakatifu, na siku hiyo hiyo akamtangaza pia Alfonso Rodríguez, bawabu wa Majorca. Mwaka 1894 Maria Teresa Ledóchowska alianzisha chama chenye jina la Claver, ambacho kilisaidia misioni za Afrika na kupiga chapa vitabu katika lugha zetu. Mwaka 1896 Claver alitangazwa msimamizi wa misioni kwa Waafrika.

Ndugu wasomaji, mji wa Cartagena ulimzika vizuri mtu ambaye ulikuwa umemwacha peke yake miaka minne. Jambo hilo latokea kwetu pia. Twachanga fedha nyingi kwa mazishi ya mzee ambaye alipokuwa hai hakuna aliyempelekea uji. Katika kila parokia yuko katekista aliyestaafu, mjane asiyetoka tena nje, mgonjwa ambaye watu wamezoea kusikia kwamba yu mgonjwa. Hawaombi mambo makubwa. Waombeni watoto wenu wachukue machungwa mawili baada ya Misa ya Jumapili, wabishe hodi, waketi kidogo na kumwita mzee kwa jina lake. Na tukimkuta mtu aliyedhulumiwa, tumpe maji kwanza, kisha tusinyamaze juu ya dhuluma yenyewe.