Papert: Mwanahisabati aliyemkabidhi mtoto usukani wa tarakilishi

MTOTO wa Kayole au Dandora anayepanga vipande vya rangi vya programu ya Scratch ili mchoro usogee kwenye skrini huenda hajawahi kulisikia jina la Seymour Papert. Hata hivyo, njia anayoifuata ilifunguliwa na mwanahisabati huyo mzawa wa Afrika.

Papert alizaliwa Pretoria, Afrika Kusini, mnamo Februari 29, 1928, babake akiwa mtafiti wa wadudu. Utotoni alivutiwa mno na gia za magari, ambazo baadaye zilimsaidia kuelewa hesabu. Akiwa Johannesburg, alijaribu kuanzisha masomo ya jioni kwa watumishi weusi wa nyumbani, jambo lililomkosanisha na wakuu. Aliupinga ubaguzi wa rangi hadi alipoihama nchi hiyo miaka ya 1950.

Baada ya kupata shahada ya uzamifu Witwatersrand na nyingine Cambridge, alifanya kazi Geneva na Jean Piaget, mtaalamu wa makuzi ya fikra za watoto. Mwaka wa 1963 alijiunga na chuo cha MIT, Marekani. Mnamo 1967, yeye, Wally Feurzeig na Cynthia Solomon waliunda Logo, lugha ya tarakilishi iliyokusudiwa watoto.

Baadaye Logo ilipata kobe: kwanza roboti ya sakafuni, kisha alama ya skrini iliyochora mstari kila ilikopita. Mwanafunzi alimwamuru kobe aende mbele, kisha ageuke nyuzi 90. Amri hizo zikirudiwa mara 4, mraba ulikamilika. Mraba ukiongezewa paa huwa nyumba. Nyumba ikipewa jina na kurudiwa, huzaa safu zinazofanana mithili ya zile za Buruburu. Mstari ukipinda, mtoto aliliona kosa na kulisahihisha mwenyewe.

Papert alieleza falsafa hiyo katika kitabu Mindstorms cha 1980, na mwaka wa 1982 alishiriki mradi wa kupeleka tarakilishi kwa wanafunzi wa Dakar, Senegal. Mitchel Resnick, aliyefuata nyayo zake MIT, aliongoza kundi lililotoa Scratch mnamo 2007.

Desemba 2006 Papert aligongwa na pikipiki jijini Hanoi, akaumia vibaya kichwani. Alifariki Julai 31, 2016, akiwa na umri wa miaka 88.

Mwaka huo huo Kenya ilianza kusambaza vifaa vya kidijitali katika shule za msingi za umma. Kwa shule za Eastlands, maisha ya Papert yanaacha kipimo kigumu kuliko idadi ya mashine: je, mtoto ndiye anayeiamuru mashine, au mashine ndiyo inayomwamuru mtoto?