Kardinali Lavigerie, Mtetezi wa Mateka wa Manyema

Katika siku za shukrani tumezoea kuwataja wale waliochoma matofali na kusimamisha kanisa letu. Leo tunapenda kumkumbuka mtu ambaye hakukanyaga nchi ya Kasongo hata siku moja, naye aliwatetea mababu zetu mbele ya mataifa.

Charles Lavigerie alizaliwa Bayonne, Ufaransa, tarehe 31 Oktoba 1825. Alipewa upadri mwaka 1849, akafundisha historia ya Kanisa katika chuo kikuu cha Sorbonne, mjini Paris. Angaliweza kuzeeka kati ya vitabu vyake. Lakini aliwekwa kuongoza shirika la kusaidia shule za wakristu wa Mashariki, na mwaka 1860, wakristu wengi wa Lebanoni na Siria walipouawa, alikusanya sadaka Ulaya, akavuka bahari mwenyewe kuwapelekea yatima na wajane. Twaona kwamba hapo ndipo alipojua ya kuwa watu hawawezi kuhurumia taabu wasiyoisikia.

Mwaka 1863 alifanywa Askofu wa Nancy, na mwaka 1867 Askofu Mkuu wa Alger. Huko alikuta njaa na kipindupindu, akapokea yatima zaidi ya elfu moja. Mwaka 1868 alianzisha shirika la Mapadri Weupe, na mwaka 1869 shirika la Masista Weupe. Aliwaamuru wajifunze lugha ya watu na kuishi kama wao. Aliagiza pia mtu asibatizwe kwa haraka, bali afundishwe na kujaribiwa muda wa miaka minne. Huko Malta alifungua nyumba ambamo vijana Waafrika waliokombolewa utumwani walisomea udaktari, ili wawe waganga na makatekista pamoja. Mmoja wao, Adrien Atiman, aliyeibwa angali mtoto, alifika Karema kando ya ziwa Tanganyika mwaka 1889, akawatibu wagonjwa na kufundisha dini mpaka kufa kwake mwaka 1956.

Mwaka 1878 Lavigerie alituma msafara wa kwanza wa mapadri wake kwenye maziwa makuu, na mwaka uliofuata wengine wao walifika Ujiji. Ndipo habari yetu inapoanza. Kasongo ilikuwa mji mkubwa wa Tippu Tip na watu wake. Mateka wa Manyema walitoka huku wamefungwa shingo, wakabeba pembe za tembo, wakapita Kabambare, wakavuka ziwa hata Ujiji. Wengi walianguka njiani. Mapadri waliwaona waliosalia wakiuzwa sokoni, wakaandika barua, na barua hizo zilifika mikononi mwa Lavigerie, aliyekuwa Kardinali tangu mwaka 1882.

Mwaka 1888 Baba Mtakatifu Leo XIII alikuwa akifanya yubilei ya miaka 50 ya upadri wake. Akamwagiza Kardinali kuutangaza ubaya wa utumwa. Radio haikuwako bado. Sauti yake mwenyewe ndiyo ilikuwa radio. Tarehe 1 Julai alihubiri Paris katika kanisa la Saint-Sulpice, tarehe 31 Julai alisema mbele ya watu wa London, na tarehe 15 Agosti alipanda mimbarani Bruxelles. Baba Mtakatifu alitoa faranga 300,000 kwa kazi hiyo. Mnamo 1889 na 1890 mataifa yalikutana Bruxelles, yakatia sahihi mapatano ya kukomesha biashara ya watumwa. Na mwaka 1890 Baba Mtakatifu aliagiza sadaka ya sikukuu ya Epifania ikusanywe kila mwaka kwa ajili ya misioni za Afrika.

Hatufichi kwamba alikuwa mtu mkali, mgumu kwa wale aliowaongoza. Wala hatufichi kwamba aliwategemea wafalme na silaha zao. Alikufa Alger tarehe 26 Novemba 1892. Miezi mitano baadaye, Aprili 1893, askari wa Dola Huru ya Kongo waliiteka Kasongo. Minyororo ya misafara ilikatika, lakini dola hiyo nayo ilileta kazi ya shuruti na taabu ya mpira. Aliyewatetea mateka hakuona jinsi jina la ukombozi lilivyotumiwa kuwaonea wengine.

Mwanzoni mwa karne ya 20 Mapadri Weupe walifika huku, wakahubiri Injili kwa Kingwana, lugha iliyoletwa na misafara ile ile. Leo wajukuu wa mateka na wajukuu wa Wangwana ni majirani, wakristu na waislamu, nao husalimiana kwa lugha hiyo moja. Hiyo nayo ni neema ya kushukuru.

Ndugu, zamani watu wasiotujua walisikia habari zetu, wakatoa feza zao. Sisi tuliosaidiwa namna hii, tusipite kimya mbele ya mtu anayeonewa, awe wa kijiji chetu au wa mbali. Tuwategemeze makatekista wetu, na Epifania ifikapo tukumbuke ya kwamba zamani sadaka ya siku hiyo ilitolewa kwa ajili yetu.