MAISHA YA VITTORIO SELLA, MPIGA PICHA WA MILIMA

Muhula huu nimeombwa na wahariri wa gazeti letu niandike maisha ya mtu mashuhuri wa zamani. Wenzangu walionitangulia waliandika habari za wafalme, majemadari na viongozi wa siasa. Mimi nimemchagua mpiga picha. Najua baadhi yenu mtacheka, maana siku hizi kila mwenye simu hupiga picha. Lakini nawaomba msome mpaka mwisho, ndipo mniambie kama nimechagua vibaya.

Jina lake ni Vittorio Sella, naye alikuwa Mtaliana. Nilimsikia kwa mara ya kwanza darasani, tulipokuwa tukijifunza habari za mito ya barafu. Mwalimu wetu wa Jiografia alituonyesha picha mbili za milima ya Ruwenzori, iliyo mpakani mwa Uganda na Kongo. Ya kwanza ilipigwa mwaka 1906, na ndani yake barafu imefunika majabali. Ya pili ni ya siku zetu, na pale palipokuwa na barafu pana mawe matupu. Mwalimu akatuuliza sisi tumejuaje kwamba barafu imepungua, maana hakuna mtu aliye hai aliyeiona mwaka ule. Darasa zima likanyamaza. Basi akatuambia kwamba twajua kwa sababu mtu mmoja alisimama pale na kamera mapema, akangoja mpaka mawingu yakafunguka. Tangu siku hiyo nikataka kumjua mtu huyo.

Vittorio Sella alizaliwa tarehe 28 Agosti 1859 katika mji wa Biella, kaskazini ya Italia, chini ya milima ya Alps. Jamaa zake walikuwa na viwanda vya nguo za sufu. Baba yake, Giuseppe Venanzio Sella, pamoja na kazi za kiwanda alikuwa hodari wa kemia, na mwaka 1856 alitoa kitabu cha kufundisha ufundi wa kupiga picha kwa lugha ya Kiitaliano, wakati ufundi huo ulipokuwa bado mchanga. Baba yake mdogo, Quintino Sella, alikuwa waziri wa fedha wa Italia, naye ndiye aliyeanzisha chama cha wapanda milima cha nchi ile mwaka 1863. Kwa hiyo kijana huyu alikua kati ya wazee wawili, mmoja wa picha na mmoja wa milima, akarithi mapenzi ya wote wawili. Baba yake alifariki mwaka 1876, Vittorio akiwa kijana wa umri kama wangu mimi. Akabaki na kitabu cha baba yake, na milima mbele ya mlango.

Zamani hizo kupiga picha kulikuwa kazi ya jasho. Mpiga picha alipaka kioo dawa, akakitia katika kamera kikiwa bado kibichi, akapiga, kisha ikambidi akisafishe pale pale kabla dawa haijakauka. Kwa hiyo aliyetaka picha ya mlima alilazimika kupanda na hema lenye giza, chupa za dawa, vioo na kamera. Mwaka 1879, Sella akiwa kijana wa miaka kama 20, alifanya hivyo juu ya mlima Mars karibu na kwao, akapiga picha za mfululizo zinazoonyesha milima yote inayoonekana kutoka kileleni. Baadaye vilitokea vioo vya dawa kavu, ambavyo mtu aliweza kuvichukua safarini na kuvisafisha akisharudi. Hapo akapata uhuru wa kwenda mbali zaidi.

Walakini hakujirahisishia kazi. Alichagua vioo vikubwa vya sentimita 30 kwa 40, kila kimoja kikikaribia uzito wa kilo moja. Alitaka kila ufa wa jabali na kila mkunjo wa barafu uonekane, na kioo kidogo hakikuweza kumpa hayo. Kwa kuwa vioo huvunjika, alibuni matandiko ya nyumbu na mashanta ya mgongoni ya kuvibebea salama. Mtu akiteleza mara moja tu, kazi ya siku nyingi ilipotea. Naye mwenyewe alikuwa mpandaji hodari. Mwezi wa Machi 1882 alipanda mlima Matterhorn, wenye urefu wa mita 4,478, wakati wa baridi kali, jambo ambalo hakuna mtu aliyekuwa amelifanya kabla yake.

Hapa naomba nieleze jambo moja ambalo wengi wetu hatulifikirii. Mlima hauondoki mahali pake, lakini sura yake hubadilika kila saa. Jua likiwa utosini, vivuli huwa vifupi, na vilima huonekana bapa kama vimechorwa juu ya karatasi. Asubuhi na jioni jua hupiga kwa ubavu, na kila bonde na kila mgongo wa kilima hujitokeza. Mvua ikisha kunyesha, vumbi huoshwa hewani, na vitu vya mbali huonekana kama vimesogea. Ukungu nao huficha, lakini ukiwa mwepesi hutenga kilima cha mbele na kilima cha nyuma, hata jicho likajua kipi kiko mbali. Tena vioo vya zamani vilikuwa na ugonjwa wao: viliona rangi ya samawati kupita kiasi, kwa hiyo mbingu ilitoka nyeupe, na mawingu meupe yakapotea ndani yake. Basi mpiga picha wa wakati ule ilimpasa kuijua hali ya hewa kama mkulima aijuavyo.

Mimi mwenyewe nilijaribu Desemba iliyopita nilipokwenda likizo. Nyumbani ni Kewanja, katika wilaya ya Tarime, na kutoka kwetu ukitazama kusini waona nchi ikiteremka kuelekea mto Mara, na ng'ambo yake ni nchi ya Serengeti. Niliazima simu ya kaka yangu, nikapanda juu ya jiwe kubwa saa saba mchana, nikapiga. Picha ikatoka imepauka kama majivu. Kaka akanicheka sana. Siku ya nne, baada ya mvua ya usiku, nikaamka gizani nikaenda kwenye jiwe lile lile, nikangoja. Jua lilipochomoza, ukungu ulikuwa umelala bondeni juu ya mto, na migongo ya vilima ikasimama juu yake mmoja baada ya mwingine. Simu ni ile ile, jiwe ni lile lile. Kilichobadilika ni nuru tu, na mimi kukubali kungoja.

Sasa turudi kwa Bwana Sella. Alisafiri mara tatu katika milima ya Caucasus, mwaka 1889, 1890 na 1896. Mwaka 1897 alikwenda Alaska pamoja na Luigi Amedeo, mwana wa mfalme aliyekuwa Mtawala wa Abruzzi, wakapanda mlima Saint Elias. Mwaka 1899 alizunguka mlima Kangchenjunga katika Himalaya pamoja na Mwingereza Douglas Freshfield. Huko theluji nyingi iliwaangukia na kuwatia taabu, lakini alirudi na picha.

Safari inayotuhusu sisi watu wa Afrika ya Mashariki ni ile ya mwaka 1906. Tangu zamani Wayunani walisikia habari za Milima ya Mwezi, ambayo theluji yake hulisha mto Nile. Lakini milima ya Ruwenzori hujifunika mawingu karibu mwaka mzima. Msafiri Stanley alipita karibu nayo mwanzoni mwa mwaka 1876 asiione, mpaka alipoiona mwaka 1888. Basi yule Mtawala wa Abruzzi akaazimu kuipanda na kuichora kwenye ramani, akamchukua Sella awe mpiga picha wake.

Walishuka melini Mombasa, wakapanda gari la moshi hadi Kisumu, wakavuka Ziwa Viktoria kwa meli mpaka Entebbe. Nilipoisoma habari hii moyo wangu ulifurahi, kwa kuwa ziwa hilo ndilo linalopokea maji ya mto wetu wa Mara. Kutoka Entebbe walikwenda kwa miguu hadi Fort Portal, na msafara mkubwa wa wapagazi. Mwezi wa Juni walipanda bonde la mto Mobuku, katikati ya matope na magugu, wakapiga kambi chini ya jabali lililoinama, mahali paitwapo Bujongolo. Tarehe 18 Juni 1906 yule Mtawala alifika kilele kirefu kuliko vyote, mita 5,109, akakipa jina la Malkia Margherita wa Italia.

Tazameni tofauti ya kazi zao. Mwenye kutafuta kilele akifika amemaliza, hata akiwa amezungukwa na ukungu pande zote. Mpiga picha akifika ndipo kazi inapoanza. Sella alifanya kazi katika milima ile kwa wiki kadhaa, akipanda na kushuka, mvua na ukungu vikimzuia karibu kila siku. Ilimlazimu kukaa juu kwenye baridi na kamera tayari, akingoja mawingu yapasuke kidogo, pengine kwa dakika chache tu, kisha apige upesi kabla pazia halijashuka tena. Alipiga picha za vilele na barafu, na pia za mimea ya ajabu ya kule, lobelia zilizo ndefu kupita mtu na miti iliyovaa kuvu kama ndevu za wazee.

Tusisahau kwamba mizigo ile haikupanda yenyewe. Iliyobeba mizigo mlimani ni migongo ya Wakonjo, wenyeji wa milima ile, waliozoea njia na baridi yake. Majina yao hayakuenea duniani kama la Sella. Tena vilele vikapewa majina ya malkia na wakubwa wa Ulaya, ingawa wenye nchi walikuwapo na walikuwa na majina yao. Hata Sella mwenyewe alipewa kilele kimoja, chenye urefu wa mita 4,600 na zaidi. Nasema hivi kwa sababu mwenye kusimulia maisha ya mtu mkuu yampasa kuwataja na waliomsaidia.

Mwaka 1909 Sella alikwenda na Mtawala yule yule kwenye mlima K2, wa pili kwa urefu duniani. Hawakufika kileleni, lakini picha zake ziliwaongoza wapandaji waliofuata. Alipokuwa na miaka 76 alijaribu tena kuupanda mlima Matterhorn, ila mmoja wa viongozi wake aliumia, ikabidi warudi. Alifariki Biella mwezi wa Agosti 1943, akikaribia miaka 84. Ansel Adams, mpiga picha mashuhuri wa Marekani, alizisifu sana picha zake. Vioo vyake vimehifadhiwa mpaka leo katika mji wake wa Biella, na wataalamu huvilinganisha na picha za sasa ili kupima barafu iliyopotea.

Sasa nimalizie kwa jambo lililonifanya niandike. Ile picha ya asubuhi nilimwonyesha babu. Aliitazama kwa muda mrefu, kisha akaniuliza kilima kiko wapi. Sikumwelewa. Akaweka kidole mahali palipo na shimo kubwa la machimbo na malundo ya mawe, akaniambia kwamba pale palikuwa na kilima, na alipokuwa mtoto alichunga ng'ombe juu yake. Akanieleza mti uliokuwa ubavuni na njia iliyopita chini yake. Nikamwomba anichoree kwa kijiti mchangani. Alianza, akafuta, akaanza tena, mwisho akatupa kijiti, akasema macho yake yanakiona lakini mkono haukijui. Dhahabu imetupa wengine kazi na wengine ada za shule, sikatai. Lakini kilima kile sasa kimo ndani ya kichwa cha mzee mmoja, na siku atakapoondoka kitaondoka naye.

Kwa hiyo nimeazimu kila likizo kusimama juu ya jiwe lile lile, alfajiri, na kupiga picha ya upande ule ule, na kuandika katika daftari tarehe, saa na hali ya hewa, kwa kuwa picha isiyo na tarehe ni kama shahidi bubu. Nawaomba wenzangu wafanye vivyo hivyo makwao, kwenye mto, msitu au ufuko wa ziwa. Na ninyi wazazi mnaosoma gazeti hili, kama mna picha ya zamani sandukuni, hata kama ni ya harusi, tazameni nyuma ya watu waliosimama. Huenda kuna kilima.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne, kutoka Kewanja