Ernst May, Mjerumani aliyepanga jua na upepo kabla ya kununua simiti

Januari watu wa Kitengela wanaulizana bei ya feni. Julai wanaulizana bei ya hita. Nyumba ni ile ile, na token ni zile zile zinazoisha kabla ya tarehe kumi. Na ukipanda hadi Isinya na Kajiado mjini stori haibadiliki sana, baridi tu ndiyo inaongezeka. Sasa kabla hujatoa doo yako kwa muuza kiyoyozi, hebu nikupe maisha ya mzee mmoja aliyeishi Nairobi zaidi ya miaka 15, akachora nyumba kuanzia Mombasa hadi Kampala, na ambaye vijana wengi wa mjengo hapa kwetu hawajawahi kusikia jina lake.

Anaitwa Ernst May. Kama uliwahi kuingia Makumbusho ya Uganda pale Kampala, umeshatembea ndani ya kichwa chake. Jengo lile ni lake. Lilichorwa ili mwanga na hewa viingie vyenyewe, bila mtu kubonyeza swichi.

Alizaliwa Frankfurt, Ujerumani, tarehe 27 Julai 1886. Akiwa kijana alienda Uingereza na kufanya kazi kwa Raymond Unwin, msanifu aliyekuwa anapanga mitaa yenye miti na bustani kwa watu wasio matajiri. Hapo ndipo alipochukua swali aliloishi nalo hadi mwisho: mtu wa mshahara mdogo anawezaje kupata nyumba nzuri, si banda?

Mwaka wa 1925 jiji la Frankfurt likamwajiri. Vita vya kwanza vilikuwa vimeacha watu wengi bila makao, na meya Ludwig Landmann alitaka nyumba haraka. Kwa miaka 5 tu May na kikosi chake wakajenga zaidi ya nyumba 10,000. Walifungua kiwanda cha kutengeneza ukuta kwa vipande vikubwa vya zege, vikainuliwa na kreni na kupangwa kama matofali ya mtoto. Ndani waliweka jiko la kupikia lililochorwa na Margarete Schütte-Lihotzky mwaka wa 1926, chumba chembamba ambacho kila kitu kiko mkononi. Hizi jikoni za kabati za ukutani ambazo kila fundi wa Kitengela anakuonyesha kwenye simu yake zina damu ya lile jiko la Frankfurt.

Lakini shika hili, kwa sababu tutalirudia. Ujerumani ni baridi, na jua huko ni mali. Kwa hiyo mitaa ya mwisho aliyopanga, kama Westhausen, aliipanga safu safu ili vyumba vitazame mashariki na magharibi. Chumba cha kulala kipate jua la asubuhi, sebule ipate la jioni. Joto la bure.

Mwaka wa 1930 akaitwa Muungano wa Sovieti, akaenda na kundi la wasanifu wenzake kupanga miji mipya ya viwanda, Magnitogorsk ukiwemo. Kazi ile ilimchosha na siasa zikamkaba. Alipomaliza mkataba mwaka wa 1933, Hitler alikuwa ameshaingia madarakani, na Wanazi walikuwa wanaichukia siasa yake na nyumba zake. Kurudi nyumbani hakungewezekana.

Basi mwaka wa 1934 akatokea Tanganyika. Mtu aliyejenga maelfu ya nyumba akanunua shamba karibu na Arusha na kuwa mkulima. Miaka 3 hivi. Kisha akaliuza, akahamia Nairobi mwaka wa 1937 na kufungua ofisi ya usanifu.

Hapa ndipo mambo yanakuwa matamu. Ujuzi wake wa Frankfurt, ukiubeba jinsi ulivyo hadi Kenya, unakuchoma. May alilazimika kuugeuza juu chini.

Chukua ploti yako ya Kitengela. Iko kama digrii 1 na nusu kusini mwa ikweta. Saa sita mchana jua liko karibu juu ya utosi mwaka mzima, kwa hiyo kinacholiwa kwanza ni paa. Asubuhi na alasiri jua liko chini, linapiga ukuta wa mashariki, kisha wa magharibi, moja kwa moja, na hakuna upenu utakaolizuia. Ukuta wa mawe unaotazama magharibi unakula jua kuanzia saa nane hadi machweo, halafu unakutemea lile joto ukiwa umelala. Kuta za kaskazini na kusini ndizo zenye bahati. Hata Juni, jua linapokuwa limeenda mbali kabisa kaskazini, saa sita mchana linakuwa limeinama digrii 25 tu kutoka utosini. Piga hesabu: upenu wa sentimita 60, yaani ile sehemu ya paa inayotokeza nje ya ukuta, unatupa kivuli cha karibu mita 1.3. Dirisha la kawaida limefunikwa.

Kwa hiyo huku kwetu May aligeuza nyumba. Upande mrefu ukatazama kaskazini na kusini, upande mfupi ukabaki mashariki na magharibi, na madirisha ya huko yakapunguzwa. Vyumba akavipanga kwa safu moja ili hewa iingie huku na kutokea kule, badala ya kugonga ukuta na kufa. Mbele ya madirisha akaweka veranda na vizuizi vya jua. Oceanic Hotel aliyoichora Mombasa ilipinda kama upinde ili vyumba vitazame bahari na kula upepo wake. Alichora pia Delamere Flats za Nairobi na hospitali ya uzazi ya Aga Khan kule Kisumu, na hali ya hewa ya Kisumu si ya Nairobi, kwa hiyo kila mahali alianza kwa kuuliza upepo unatoka wapi na mvua inapiga upande gani.

Sasa tazama tunachojenga sisi. Mtindo unaotamba Kitengela ni nyumba ya paa lililojificha, kuta zimepanda juu, bati halionekani, upenu hakuna. Kwenye picha inapendeza, sikatai. Lakini umelipa pesa zaidi ili kuondoa kivuli cha bure, halafu unaenda kununua pazia zito na feni. Na wale wenye paa la kawaida wanachagua bati jeusi au la kijivu iliyokolea kwa sababu jirani anayo. Bati jeupe au la rangi hafifu linarudisha sehemu kubwa ya jua lilikotoka, na dukani si lazima liwe ghali kuliko hilo jeusi.

Fleti nazo ndio balaa. Landilodi anataka vyumba vingi kwenye ploti ya 50 kwa 100, dirisha lako linatazama ukuta wa jirani, hewa haina pa kupita. Hapo mpangaji huna uwezo wa kugeuza jengo. Una uwezo wa kuchagua nyumba: nenda kuitazama saa tisa alasiri, si asubuhi, weka mkono kwenye ukuta wa chumba cha kulala, na ufungue madirisha yote uone kama pazia linacheza. Kama liko la juu kabisa, uliza juu ya silingi kuna nini, slabu au bati tupu.

Nirudi kwa mzee. Vita vya pili vilipofika, Waingereza waliotawala Kenya walimwona kama adui kwa sababu ya pasi yake, wakamfunga kambini kuanzia 1940 hadi 1942, Afrika Kusini. Amekimbia Wanazi, anafungwa kama Mnazi. Alipotoka akarudi ofisini kana kwamba hakuna kitu.

Mwaka wa 1945 akaanza kazi mbili zinazomweleza vizuri, uzuri na ubaya wake. Moja ni mpango wa kupanua Kampala, eneo la Kololo na Naguru. Ulijali vilima, mabonde na upepo, lakini pia ulikubali mpango wa kikoloni wa kuwatenga watu kwa rangi, kila kundi na mtaa wake. May alijiona mwalimu wa kumfundisha Mwafrika kuishi mjini. Hatukumwomba. Ukimsoma leo kama shujaa tu, unajidanganya.

Ya pili ni nyumba ya bei nafuu kwa familia za Kiafrika: mbavu za zege zilizopinda, na vipande vya zege vya kuning'iniza juu yake, hadi nyumba nzima ikawa kama kuba refu. Ilikuwa ni kile kiwanda cha Frankfurt kimeletwa Afrika Mashariki na kupewa umbo la msonge. Haikuenea. Sioni ajabu. Zege jembamba haliwezi kushindana na alichokuwa nacho mtu wa kawaida tayari.

Na hapo Kajiado inaingia bila kualikwa. Wanawake wa Kimaasai walikuwa wanajenga enkaji kabla May hajazaliwa: fito, udongo na kinyesi cha ng'ombe, ukuta mnene, paa la chini, matundu madogo. Mchana ndani kuna ubaridi, usiku joto la watu na moto halitoroki. Shida yake ni moshi, na moshi ule unaharibu mapafu na macho. Lakini hesabu ya joto waliijua.

Maana baridi ndiyo inayotuua huku, na hapa sitanii. Kitengela iko zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari na uwanda ule hauna cha kuzuia upepo. Nyumba ya bati bila silingi inapoteza joto lote saa mbili za usiku, na mwenye kipato kidogo anaingiza jiko la makaa chumbani na kufunga dirisha. Makaa yanatoa gesi ya kaboni monoksaidi. Haina harufu, haina rangi, na anayelala nayo haamki. Kila msimu wa baridi tunasoma habari hizo. Jiko likishapika, liende nje. Kabisa.

Kitu kinachofanya kazi misimu yote miwili ni silingi. Mchana inakukinga na bati linalowaka, usiku inazuia joto kupaa. Ukiweza kuongeza kitu chenye kunasa hewa juu yake, kama pamba ya kioo au hata matabaka ya maboksi makavu mbali na nyaya za stima, bora zaidi. Acha matundu ya hewa kati ya bati na silingi ili joto la mchana litoke. Chini ya milango ziba nyufa kwa msimu wa Julai, lakini tundu la hewa la ukutani usilizibe.

Ukishafanya hayo ndipo uzungumze mashine. Feni ya wati 50 inazunguka saa 20 kwa uniti moja ya stima. Haipoozi chumba, inapooza ngozi yako, kwa hiyo izime ukitoka. Hita ya wati 2,000 inakula uniti 2 kila saa, yaani saa 4 kila usiku kwa mwezi ni uniti 240. Zidisha mwenyewe kwa bei unayolipa. Kiyoyozi kidogo cha chumba kinakaribia uniti moja kwa saa kikisukuma kwa nguvu. Kwa pesa ya kukinunua na kukifunga, wengi Kitengela wangemaliza silingi ya vyumba viwili. Na kama bado hujachimba msingi, kumwambia mchoraji ageuze nyumba ni mazungumzo ya dakika kumi. Kama ploti yako ni nyembamba na inatazama barabara upande wa magharibi, mwambie aweke choo, stoo na ngazi upande huo, vile vitu visivyojali joto, na vyumba vya kulala viende mashariki.

May aliondoka Kenya mwishoni mwa 1953, nchi ikiwa chini ya hali ya hatari. Alikuwa na miaka 67, umri ambao watu wengi wanatafuta kiti cha kupumzikia. Yeye akaenda Hamburg kuongoza mipango ya shirika kubwa la nyumba la Neue Heimat, akarudi kwenye ile kazi ya Frankfurt, maelfu ya nyumba kwa nchi iliyobomolewa na vita vingine. Alifariki Hamburg tarehe 11 Septemba 1970.

Makumbusho ya Uganda yalifunguliwa mwaka wa 1954, yeye akiwa ameshaondoka. Mwaka wa 2011 serikali ya Uganda ilitangaza mpango wa kuyabomoa na kusimamisha jumba la biashara la ghorofa 60. Wapenzi wa historia wakaenda mahakamani. Jumba lile la ghorofa 60 halijajengwa, na makumbusho bado yanakata tiketi.